Gando la Kaa, Vidole vya Daktari

Kaa koko niliyemnunua Tanga mwaka juzi alikuwa na magando yasiyolingana. La kulia lilikuwa gando hasa: nene, zito, lenye meno ya kupasulia chaza. La kushoto lilikuwa dogo kama kidole gumba cha mtoto, rangi imepauka, na gamba lake ukilibonyeza lilibonyea. Nikaomba nipunguziwe bei kwa kuwa kaa ni kilema. Muuzaji, mzee ambaye nyayo zake zilikuwa zimepasuka kwa matope ya mikokoni, alimgeuza kaa tumbo juu, akanionyesha mahali gando lile dogo linapoanzia, akasema: "Si kilema huyu, mwanangu. Anaotesha. Angejivua gamba mara mbili tatu tu, usingejua lipi la zamani."

Nililipa bei ya kaa mzima, na neno lile nikaondoka nalo. Kuotesha ni neno la shambani. Tunaotesha mbegu, tunaotesha miche kitaluni. Mzee alilitumia kwa mnyama bila kusita, kana kwamba ndani ya mwili wa kaa mna kitalu. Nikataka kujua nani wa kwanza kulichukua jambo hili kwa uzito na kuliandika. Njia ilinirudisha kwa wavuvi vilevile.

Mwanzoni mwa karne ya 18, wavuvi wa pwani ya Ufaransa na wakazi wa kando ya mito yake walikuwa wakisema kwamba kaa, na kamba wa mtoni wenye magando, huotesha viungo walivyopoteza. Wasomi wa Paris waliziona ni hadithi za watu wasiojua kusoma. Mwaka 1712 kijana mmoja wa Akademia ya Sayansi, René-Antoine Ferchault de Réaumur, aliamua kuwasikiliza wavuvi. Aliwaweka kamba majini, akawavunja miguu na magando, akasubiri. Kwenye kigutu ulitokea utando mwembamba, kisha kinundu, kisha kinundu kikarefuka na ndani yake gando jipya likawa limekunjwa tayari, likingoja siku ya kujivua gamba. Jambo lililomshangaza zaidi ni kipimo. Ukikata ncha, inarudi ncha. Ukikata pingili tatu, zinarudi pingili tatu, wala si mbili, wala si nne. Mwili ulijua umepungukiwa na nini.

Maelezo aliyoyapata yalikuwa ya enzi yake. Wasomi wengi waliamini kwamba kila kiumbe kiliumbwa kikiwa kamili tangu mwanzo wa dunia, kidogo mno, kimefungwa ndani ya yai la mama yake, na mama naye ndani ya yai la bibi, sanduku ndani ya sanduku hadi kwa Hawa. Kukua kulikuwa kuvimba tu. Kwa hiyo Réaumur alikisia kwamba kwenye miguu ya kamba vimewekwa vijiyai, kila kimoja na kipande chake cha mguu, akiba ya siku ya ajali. Dhana hiyo ilisimama kwa miaka 28, hadi ilipokutana na mwalimu wa watoto.

Abraham Trembley alizaliwa Geneva mwaka 1710. Alikwenda Uholanzi kutafuta riziki, akaajiriwa na familia ya mkabaila Bentinck kuwafundisha wana wawili wadogo. Majira ya joto familia ilikaa Sorgvliet, nyumba yenye bustani, madimbwi na mifereji nje kidogo ya Den Haag. Leo nyumba hiyo ni makazi rasmi ya waziri mkuu wa Uholanzi. Wakati ule ilikuwa mahali ambapo mwalimu na wanafunzi wake walichota maji kwa mitungi ya kioo na kuipanga dirishani. Kitabu chake cha 1744 kina picha zilizochorwa kwa ustadi mkubwa, na mojawapo inawaonyesha wakiwa chumbani: mwalimu, watoto, mitungi, mwanga unaingia. Nimeitazama picha hiyo mara nyingi. Hakuna maabara pale. Kuna dirisha na watu wenye subira.

Mwezi wa Juni 1740, ndani ya mtungi mmoja, Trembley aliona vijiti vidogo vya kijani vimeshikamana na majani ya mimea ya majini. Kimoja hakikuzidi urefu wa punje ya mchele kwa kiasi kikubwa, na juu yake kulikuwa na nyuzi zilizotawanyika kama minyiri ya pweza. Kwa rangi na umbo, mmea. Lakini alipotikisa mtungi, vijiti vilijikunja vikawa vitone. Maji yalipotulia vikajinyoosha tena. Kisha akaona vinatembea, vikiinama na kupindua mwili hatua kwa hatua, na alipogeuza mtungi vikahamia upande wenye mwanga. Mnyama, basi? Akahesabu minyiri, akakuta mmoja ana sita, mwingine minane, mwingine zaidi. Wanyama hawana tabia ya kutofautiana idadi ya miguu kiasi hicho. Matawi ya miti ndiyo hutofautiana.

Akatafuta jaribio la kukata shauri. Kila mkulima anajua kwamba kipande cha mmea kikipandwa huchipua. Mnyama aliyekatwa vipande viwili hufa. Basi alikate lile dudu. Vipande vyote viwili vikiishi, ni mmea, na mjadala umekwisha.

Tarehe 25 Novemba 1740 alikata. Aliweka vipande katika kioo chenye maji machache ili aweze kuvitazama kwa lenzi. Kipande chenye kichwa kiliendelea kunyooka na kujikunja, jambo ambalo halikumshangaza. Alikuwa akikitazama kile cha pili, kile kipande cha mkia kisicho na mdomo, akingoja kioze. Hakikuoza. Siku zikapita, na asubuhi moja Desemba akaona kwenye ukingo uliokatwa vimetokea vincha vidogo. Vikaongezeka, vikarefuka, vikawa minyiri. Kipande cha mkia kilikuwa kimejitengenezea kichwa, na baadaye kikala.

Kwa mujibu wa kanuni yake mwenyewe, huo ulikuwa mmea. Lakini mmea haukamati minyoo na kuimeza. Hapo ndipo ninapomheshimu Trembley kuliko wengi waliokuja baada yake: aliacha kanuni ianguke. Tarehe 15 Desemba alimwandikia Réaumur, ambaye sasa alikuwa mtu mkubwa Paris, akamweleza aliyoyaona. Wadudu wa kwanza aliowatuma walifika wamekufa, kwa sababu aliziba chupa kwa lakiri hewa isipite. Alipotuma tena, Machi 1741, walifika wazima. Réaumur aliwakata mwenyewe, na hata alipokwisha kuona kwa macho yake aliandika kwamba ilimwia vigumu kuyaamini. Akasoma barua za Trembley mbele ya Akademia, na wadudu wakapewa jina la polipi.

Ulaya ilishikwa na homa ya kukata. Wanafalsafa nao walipata shida yao: kama mnyama ana roho, na ukimkata vipande vinne vinakuwa wanyama wanne, je, kisu kimegawa roho? Trembley hakuingia huko. Aliendelea na polipi wake. Alipasua kichwa cha mmoja mara kadhaa, kila sehemu ikawa kichwa kamili, hadi akapata polipi mwenye vichwa saba. Kutoka kwa jitu la hadithi za Wagiriki lililootesha vichwa kila lilipokatwa, ndiko jina la haidra lilikotokea.

Jaribio lake la 1742 ndilo linalonishangaza zaidi, kwa sababu ya mikono iliyolifanya. Alitaka kujua itakuwaje polipi akigeuzwa ndani nje kama soksi. Alimlisha kwanza mnyoo ili tumbo litanuke. Akamweka kwenye tone la maji katika kiganja cha mkono wa kushoto. Akambana taratibu ili mnyoo usukumwe mdomoni na kuutanua. Kisha akachukua unywele mgumu wa nguruwe, akauweka kwenye mkia, akausukuma kuelekea mdomoni, mkia ukaingia ndani ya tumbo na kutokea upande wa pili. Ngozi ikawa tumbo, tumbo likawa ngozi. Wengi walijirudisha wenyewe. Wale ambao hawakujirudisha, wengine waliishi, wakala, wakazaa. Jaribu kufikiria mkono usiotetemeka kwa kazi hiyo, juu ya kiumbe mwenye unene wa uzi.

Mwaka 1743 Jumuiya ya Kifalme ya London ilimpa medali ya Copley. Alijua kwamba kila sehemu ya shina la polipi inaweza kuwa polipi mzima. Hakuweza kujua kwa nini, kwa kuwa neno seli katika maana tunayoitumia lilikuwa bado karibu miaka 100 mbele, hadi Schleiden na Schwann walipoliweka mezani mwaka 1838 na 1839. Leo tunajua kwamba shina la haidra limejaa seli zinazojigawa usiku na mchana, ambazo bado hazijapangiwa kazi. Zinazosukumwa juu zinakuwa minyiri, zinazosukumwa chini zinakuwa mguu, na baadhi ya zile zilizokaa katikati ya nyingine huzaa seli za neva, seli za sumu ya kuwindia na mayai. Mwili wote wa haidra hubadilishwa kwa muda wa siku 20 hivi. Kwake, kuponya jeraha ni kazi ya kila siku inayofanyika kwa kasi kidogo zaidi.

Baada ya Trembley njia inapita kwa padri Lazzaro Spallanzani wa Italia, aliyechapisha mwaka 1768 kijitabu chenye habari nzito: salamanda, mnyama mwenye uti wa mgongo, mifupa na damu kama sisi, huotesha miguu, mkia na hata taya. Akadai pia kwamba konokono huotesha kichwa, na mwaka huohuo Voltaire, mzee wa miaka zaidi ya 70, akaanza kukata vichwa vya konokono wa bustanini kwake ahakikishe. Yote hayo ni ya kusisimua, lakini swali halikusogea. Watu walirundika orodha ya vinavyoota. Kinachootesha kilikuwa bado gizani.

Kilianza kuonekana katika chuo cha wanawake cha Bryn Mawr, Pennsylvania. Mwanzoni mwa miaka ya 1890, Harriet Randolph, aliyekuwa miongoni mwa wanabiolojia wa chuo hicho, alichunguza kwa hadubini minyoo jamaa ya nyungunyungu waliokuwa wakiotesha mkia, akaona seli kubwa zisizofanana na seli za ngozi wala za misuli wala za utumbo. Zilikuwa kama vibarua waliokaa kijiweni wakingoja kuitwa. Akaziita neoblasti, yaani chipukizi mpya. Jina lake hutajwa kwa haraka vitabuni, naye ndiye aliyezipa seli hizo jina tunalolitumia hadi leo.

Mwenzake chuoni, Thomas Hunt Morgan, alikuwa na kisu. Mwaka 1898 alichapisha kazi yake juu ya planaria, mnyoo bapa wa maji baridi mwenye macho mawili yanayomfanya aonekane kama amepigwa na mshangao. Morgan alimkata kwa kila namna: kwa urefu, kwa upana, kwa mshazari, kabari za pembeni. Vikarudi minyoo. Kipande kidogo kabisa kilichoweza kuwa mnyoo kamili kilikuwa sehemu 1 ya 279 ya mwili. Vipande viwili tu havikuweza: ncha iliyo mbele ya macho, na koromeo. Tunajua leo sababu. Planaria naye ana seli zinazoitwa neoblasti, na katika sehemu hizo mbili hazimo. Morgan baadaye aliliacha swali hilo, akaenda kwa nzi wa matunda, na kwa nzi hao akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1933.

Mwaka huo wa 1933 alikufa mtu mwingine wa njia hii, na kwa ajili yake hasa ndiyo nimeandika makala haya.

Frederick Baetjer alikuwa daktari wa Johns Hopkins. Eksirei ziligunduliwa na Röntgen mwishoni mwa 1895, na Baetjer alikuwa kati ya madaktari wa kwanza Marekani kuzifanya kuwa fani yao. Siku zile hakukuwa na mavazi ya risasi. Fundi aliyetaka kujua kama bomba la mionzi linafanya kazi vizuri aliweka mkono wake mbele yake na kutazama mifupa ya vidole vyake. Kila siku, mara nyingi kwa siku, mkono uleule.

Mwaka 1904 Baetjer na mwenzake wa anatomia, Charles Bardeen, waliwapiga planaria eksirei, kisha wakawakata. Kabla ya hapo kila mtu aliyemkata planaria alipata planaria wengi zaidi. Safari hii jeraha lilifunga, na basi. Hakuna kichwa kilichoota. Hakuna mkia. Minyoo waliendelea kutambaa na kujikunja kama kawaida, misuli yao mizima, neva zao nzima, wakionekana hawana kasoro. Lakini baada ya wiki kadhaa walianza kusinyaa, na wakafa, hata wale wasiokatwa. Mionzi ilikuwa imeua kundi moja tu la seli, lile linalojigawa, kwa sababu eksirei huvunja maandishi ya urithi ndani ya seli na seli inayotaka kujigawa ndiyo inayolazimika kuyasoma yote. Seli iliyokwisha kuwa msuli inaweza kukaa na maandishi yaliyovunjika muda mrefu. Ile ya kuotesha haiwezi. Kwa hiyo seli zenye jina alilolitunga Randolph, watu hawa wawili walionyesha kazi yake kwa kuziondoa. Zilijulikana kwa pengo lililoachwa.

Vidole vya Baetjer vilipitia jambo lilelile. Ngozi ya binadamu nayo ina seli zake za chini zinazojigawa na kuisukuma juu ngozi mpya kila siku. Zikifa, ngozi haibadilishwi. Inakauka, inapasuka, vidonda havifungi, na zile chache zilizosalia zikiwa zimeharibika zinaweza kugeuka saratani. Baetjer alipasuliwa mara nyingi mno, makumi ya operesheni. Vidole vilikatwa kimoja baada ya kingine, na jicho moja likapotea. Aliendelea kusoma picha za wagonjwa na kufundisha. Nafikiri juu ya mtu huyo akiwa ameketi mbele ya meza, mkono umefungwa bendeji, naye ni mmoja wa watu wawili duniani waliothibitisha kwanza kwamba mwale huu huua kile kinachootesha. Alikufa kwa madhara yaleyale.

Kutoka kwa kazi yao zilizaliwa nyingine mbili ambazo lazima nizitaje. Mwishoni mwa miaka ya 1940, Françoise Dubois wa Ufaransa alimpiga planaria mionzi upande wa mbele tu, nyuma akamkinga, kisha akakata kichwa. Kichwa kiliota, ila kwa kuchelewa, na kadiri sehemu iliyopigwa ilivyokuwa ndefu ndivyo kilivyochelewa. Neoblasti zilikuwa zimetembea kutoka nyuma hadi mbele, zikivuka nchi iliyokufa, kwenda kujenga. Na mwaka 2011, katika maabara ya Peter Reddien huko Cambridge, Massachusetts, planaria aliyepigwa mionzi hadi akawa hana neoblasti hata moja alipandikizwa seli moja kutoka kwa mwenzake. Moja. Ikajigawa, ikaenea, ikajaza mwili, mnyoo aliyekuwa anakufa akapona, na kila seli mpya mwilini mwake ilitoka kwa ile moja.

Kwa nini basi mkono wa daktari hauoti? Salamanda akikatwa mguu, seli za karibu na kigutu hurudi nyuma kidogo katika safari yao ya ukuaji, zinakusanyika chini ya ngozi nyembamba na kufanya kitufe kiitwacho blastema, na kutoka hapo mguu unajengwa upya. Zamani tulidhani seli za kitufe hicho zimesahau kila kitu. Mwaka 2009 maabara ya Elly Tanaka nchini Ujerumani ilionyesha kwamba hazisahau sana: iliyotoka kwenye msuli inarudi kuwa msuli, ya neva inarudi kwenye neva. Kwa mamalia kama sisi, njia ni nyingine. Jeraha linazibwa haraka kwa kovu, nyuzi ngumu zilizorundikwa, na ujenzi unaishia hapo.

Si kwa mamalia wote, hata hivyo. Juu ya miamba ya Laikipia, Kenya, kuna panya wenye nywele ngumu kama miiba mgongoni. Ukimshika mmoja anaponyoka na ngozi inabaki mkononi mwako, kwa kuwa ngozi yake ni dhaifu karibu mara 20 kuliko ya panya wa maabara. Mwaka 2012 Ashley Seifert, akishirikiana na Stephen Kiama wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao, walichapisha kwamba panya hao wanaweza kupoteza hadi asilimia 60 ya ngozi ya mgongo na kuirudisha: si kovu, bali ngozi yenye vinyweleo, tezi za mafuta na miiba yake. Walipowatoboa masikio matundu ya milimita 4, matundu yalijaa, gegedu na nywele vikiwemo. Mchungaji wa Laikipia hakuhitaji jarida la Nature kujua kwamba panya yule humwachia mwewe koti na kukimbia. Lakini kwamba koti linaota upya kikamilifu, na kwamba anayefanya hivyo ni mamalia mwenzetu, ni habari ambayo ningependa ifundishwe katika kila shule ya sekondari Afrika Mashariki.

Iko sehemu moja ya mwili ambayo sisi nasi ni planaria. Ni damu. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, na zote zilizomo mwilini mwako leo zitakuwa zimebadilishwa kabla ya nusu mwaka kwisha. Kitalu chake kimo ndani ya mifupa, katika uloto. Waliokipata ni watu wawili wa Toronto, James Till na Ernest McCulloch, na walikipata kwa kisu kilekile cha Bardeen na Baetjer. Waliwapiga panya mionzi hadi uloto wao ukafa. Kisha wakawapa kwa sindano seli za uloto wa panya wazima, kiasi tofauti kwa kila kundi. Baada ya siku 10, siku ya Jumapili, McCulloch aliingia maabara peke yake kuwatazama, akakuta juu ya bandama zao vinundu. Akavihesabu. Kadiri panya alivyopewa seli nyingi, ndivyo alivyokuwa na vinundu vingi, kwa mstari ulionyooka: kinundu kimoja kwa kila seli 10,000 hivi. Ndani ya kinundu kimoja zilikuwemo chembe nyekundu, chembe nyeupe na mama wa vigandisha damu. Walichapisha mwaka 1961. Miaka miwili baadaye, wakiwa na mwanafunzi wao Andrew Becker, walitumia mionzi kuweka alama katika kromosomu za seli walizozipandikiza, na wakaona kinundu kizima kina alama ile ile moja. Kila kinundu kilitoka kwa mzazi mmoja. Ndiyo tunayoiita seli shina.

Naipenda lugha yetu hapo, maana shina kwetu ni pale mti unaposhikia ardhi na pale mgomba unapotoa chipukizi baada ya mama kukatwa.

Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, inawapandikizia uloto watoto wenye selimundu. Watoto wa kwanza walifanyiwa na kutangazwa mwaka 2023. Mtoto mwenye selimundu ana kitalu kinachotoa mche wenye kasoro: chembe nyekundu zake hupinda kama mundu, hukwama katika mishipa midogo, na mtoto hulia kwa maumivu ya mifupa usiku kucha. Kila mzazi aliyekesha naye anakujua kulia huko. Tiba inaanza mahali Bardeen na Baetjer walipoanzia. Kwa siku kadhaa mtoto hupewa dawa kali zinazoua kitalu chake cha zamani, hadi hana cha kutengeneza damu. Wakati huo yuko katika hali ya planaria wa 1904: anaongea, anacheza kitandani, misuli yake mizima, na kama hakuna kitakachofuata, hataishi.

Kisha unaletwa mfuko. Ndani yake mna seli za ndugu yake wa tumbo moja aliyepatikana analingana naye, na kila ndugu ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana. Zinaingia kwa mshipa wa kawaida, kama damu nyingine yoyote, na hakuna anayezielekeza. Zinazunguka na damu, zinapita kwenye mapafu, zinapita kwenye ini, na zikifika ndani ya mfupa zinatambua mahali pake, zinatoka kwenye mshipa na kukaa. Siku hiyo wauguzi huiita siku ya sifuri. Kuanzia hapo damu huchukuliwa kila asubuhi na chembe nyeupe huhesabiwa. Siku ya kwanza, hakuna kitu. Siku ya tano, hakuna kitu. Mama wa mtoto anajifunza kusoma karatasi ya maabara hata kama hakuwahi kuisoma kabla. Siku ya nane, hakuna. Kisha, katika wiki ya pili au ya tatu, kwenye safu iliyokuwa na sifuri tupu, inaandikwa namba ndogo, na kesho yake kubwa zaidi kidogo.